Mgeni Aliyezaa Watoto Kati Yetu: Hadhi ya Muda, Familia za Waliberia katika Marekani, na Wajibu wa Kanisa

Utangulizi

Mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa katika nchi ya kigeni kwa mwaka mmoja, kisha akaishi kwa ruhusa hiyo, ikiongezwa kidogo kidogo, kwa miaka ishirini na minane, tumwite nani? Katika madaftari ya serikali yeye ni mgeni wa muda. Katika mtaa anaokaa ni jirani wa siku nyingi; shuleni ni mzazi; na usharikani ni mzee wa kanisa au mwanakwaya. Sheria inamwita kwa jina moja, na maisha yake yanamwita kwa majina mengine yote.

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za watu wa namna hiyo, tukichukua kuwa kielelezo Waliberia waliokimbilia Marekani kuanzia miaka ya 1990. Tumewachagua hao kwa sababu tatu. Kwanza, njia yao ya kisheria inaweza kufuatiliwa tangu ruhusa ya kwanza ya mwaka 1991 hadi sheria iliyokuwa ndoto yao ilipotimizwa katika mwaka 2019. Pili, habari yao inaigusa familia ya Kilutheri kwa karibu. Tatu, inafanana katika mambo ya msingi na habari ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopokelewa hapa Tanzania, ambayo wengi wa wasomaji wetu wanaifahamu.

Hoja yetu ni hii: familia iliyokwisha kuota mizizi hailindwi kwa kuongezewa miezi, inalindwa kwa kufunguliwa mlango ndani ya sheria, yaani njia ya kuwa mkaazi wa kudumu kwa sababu ya miaka iliyokwisha kuishi. Aidha, mlango ukiisha kufunguliwa, kazi ya kanisa haijakwisha, kwa maana wako wengi wasioweza kuufikia wenyewe.

1. Hadhi ya muda ni nini?

Sheria ya Uhamiaji ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 29 Novemba 1990 iliweka utaratibu unaoitwa Hadhi ya Ulinzi wa Muda. Kwa utaratibu huo serikali inaweza kuitaja nchi fulani iliyopatwa na vita, maafa ya asili, au hali nyingine isiyo ya kawaida, na raia wa nchi hiyo waliokwisha kuwamo Marekani siku ile hawarudishwi kwao. Wanapewa pia kibali cha kufanya kazi. Muda wa ulinzi ni miezi sita, kumi na miwili, au kumi na minane. Nao ukikaribia kwisha, serikali hupima hali ya nchi ile na kuamua kuuongeza au kuukomesha.

Utaratibu wa pili hautokani na sheria ya Bunge bali na madaraka ya Rais katika mambo ya nje. Kwa huo Rais huagiza kwamba watu wa taifa fulani waahirishiwe kuondolewa nchini kwa kipindi atakachokitaja. Tutauita ahirisho la Rais.

Taratibu hizi mbili zinafanana katika jambo moja lililo kubwa kuliko yote: hakuna hata mmoja kati yake unaomfikisha mtu katika ukaazi wa kudumu. Mtu anaweza kukaa chini ya ulinzi huo miaka mitano, kumi au ishirini, akalipa kodi na kutii sheria. Siku ulinzi unapokoma anarudi katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kuupata. Ikiwa hakuwa na haki yoyote hapo mwanzo, hana haki yoyote hapo mwisho. Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha jambo hili kwa sauti moja mwezi Juni 2021, ilipoamua kwamba kupewa hadhi ya muda hakuhesabiwi kuwa ni kupokelewa nchini kihalali kwa mtu aliyeingia bila idhini.

Sasa tuangalie familia. Watoto waliozaliwa Marekani katika miaka hiyo ya kungoja walikuwa raia tangu kuzaliwa, kwa mujibu wa Badiliko la Kumi na Nne la Katiba ya nchi hiyo, lililothibitishwa mwaka 1868. Lakini mtoto raia hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi mpaka atimize miaka 21, na hata hapo mzazi aliyeingia bila idhini hukutana na vizuizi vingine. Hivyo katika nyumba moja baba na mama wanaweza kuamriwa kuondoka, na watoto wana haki ya kubaki. Wazazi hao hubakiwa na njia mbili, zote mbili chungu: kuwachukua watoto kwenda katika nchi wasiyoijua, au kuwaacha. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwa mchungaji.

2. Safari ya Waliberia

Uhusiano wa Liberia na Marekani ni wa siku nyingi. Watu weusi waliotoka Marekani, wengi wao wakiwa wamepata kuwa watumwa, walianza kufanya makao katika pwani ile mwaka 1822, na Liberia ikajitangaza kuwa jamhuri huru mwaka 1847. Mwaka 1860 mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, Morris Officer, alianzisha kituo cha Muhlenberg, na kutokana na kazi hiyo limekua Kanisa la Kilutheri la Liberia. Kwa hiyo Waliberia walipokimbilia Marekani, baadhi yao walikuwa wakiiendea nchi iliyowahi kuwatuma wainjilisti kwa mababu zao.

Vita vilianza mwishoni mwa Desemba 1989, wapiganaji wa Charles Taylor walipovuka mpaka kutoka Ivory Coast na kuingia wilaya ya Nimba. Kufikia katikati ya mwaka 1990 vita vilikuwa vimeufikia mji mkuu, Monrovia. Watu wengi walikimbilia katika majengo ya makanisa. Usiku wa tarehe 29 Julai 1990 askari wa serikali waliingia katika Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, wakawaua watu wapatao 600, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa wamejihifadhi humo. Walutheri wa Afrika hatupaswi kuisahau tarehe hiyo.

Mwezi Machi 1991 serikali ya Marekani iliwapa Waliberia waliokuwamo nchini humo hadhi ya muda, kwa mwaka mmoja. Vita havikwisha kwa mwaka mmoja. Ulinzi ukaongezwa mwaka baada ya mwaka hadi Septemba 1999, ambapo ulikomeshwa. Rais Clinton akatoa ahirisho badala yake. Vita vya pili vilipopamba moto, hadhi ya muda ikarudishwa mwaka 2002. Ikakomeshwa tena mwaka 2007, na Rais George W. Bush akatoa ahirisho jipya. Rais Obama akaliendeleza kwa vipindi mbalimbali. Mwaka 2014, kwa ajili ya ugonjwa wa Ebola, hadhi ya muda ilitolewa tena kwa Waliberia pamoja na watu wa Guinea na Sierra Leone, nayo ikakoma Mei 2017. Hatimaye, mwezi Machi 2018, Rais Trump alitangaza kwamba ahirisho litakoma baada ya miezi kumi na miwili, yaani tarehe 31 Machi 2019. Na siku chache kabla ya tarehe hiyo akasogeza mwisho kwa mwaka mmoja zaidi.

Tumeorodhesha tarehe hizi kwa makusudi. Msomaji na ajaribu kuzisoma kama mzazi aliyeishi ndani yake. Katika muda huo mtoto aliyezaliwa mwaka 1991 amesoma, amehitimu, ameoa na kupata watoto wake. Baba yake amenunua nyumba kwa mkopo wa miaka thelathini, huku ruhusa yake ya kukaa nchini ikiwa ya miezi kumi na minane. Kila kipindi kilipokaribia kwisha, mwajiri alitaka kuona kibali kipya, na leseni ya kuendesha gari ilitegemea kibali hichohicho. Katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, jamii ya Waliberia ilikuwa kubwa, na wengi walifanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za matunzo. Waliowalisha na kuwaogesha wazee wa nchi ile hawakujua kama mwaka ujao wataruhusiwa kukaa humo.

Je, kulikuwa na nia mbaya? Hatusemi hivyo. Kila aliyeongeza muda alifanya tendo la huruma, na kwa tendo hilo maisha ya watu yalihifadhiwa. Lakini huruma iliyorudiwa kwa miaka mingi bila kugeuka kuwa haki huzaa mateso ya namna nyingine. Inamfundisha mtu kujenga, kisha inamkumbusha kila mwaka kwamba alichojenga si chake.

3. Mlango wa mwaka 2019

Kulikuwa na watu walioliona jambo hili mapema. Seneta Jack Reed wa jimbo la Rhode Island, ambako pia kuna jamii kubwa ya Waliberia, alianza kupeleka muswada wa kuwapa ukaazi wa kudumu mwaka 1999. Muswada haukupita. Aliurudisha tena na tena katika Mabunge yaliyofuata, na haukupita. Jamii za Waliberia pamoja na makanisa na watetezi wengine ziliendelea kuwaendea wabunge. Njia ilipatikana mwezi Desemba 2019, miaka ishirini baadaye, pale masharti hayo yalipoingizwa ndani ya sheria kubwa ya matumizi ya ulinzi wa taifa. Sheria ilitiwa saini tarehe 20 Desemba 2019, na Rais yuleyule aliyetangaza kukomesha ahirisho.

Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka. Mliberia aliyekuwa ameishi Marekani mfululizo tangu tarehe 20 Novemba 2014 au kabla yake aliweza kuomba ukaazi wa kudumu, pamoja na mwenzi wake na watoto wake wasiooa wala kuolewa. Aliyeingia bila idhini hakuzuiliwa kwa sababu hiyo. Walionyimwa ni waliopatikana na hatia ya makosa makubwa ya jinai na waliowatesa wengine. Tena, katika kuandika tarehe ya ukaazi, sheria iliihesabu miaka iliyokwisha kuishi, hata safari ya kuelekea uraia haikuanzia siku ya kupata hati.

Tunapaswa kutambua msingi wa sheria hiyo. Haikuuliza tena kama Liberia imetulia. Swali hilo ndilo lililokuwa likiulizwa kwa miaka ishirini na minane, na jibu lake lilibadilika kufuatana na vita, amani na magonjwa. Sheria ya 2019 iliuliza swali jingine: mtu huyu ameishi wapi, na kwa muda gani? Katika hadhi ya muda, haki ya familia hutegemea hali ya nchi ambayo familia imekwisha kuiacha. Katika sheria hii, haki ilitegemea maisha ya familia yenyewe.

Hata hivyo mlango huo ulikuwa karibu kufungwa kabla watu hawajaingia. Muda wa kuomba ulikuwa mwaka mmoja tu, hadi Desemba 2020. Miezi michache baadaye janga la korona likaingia, ofisi zikafungwa, na waombaji wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Ilikuwa lazima mtu athibitishe uraia wake wa Liberia, na kukaa kwake Marekani bila kukatika. Ada na hati za kuambatanisha nazo zilikuwa mzigo. Bunge likaongeza mwaka mmoja, hadi tarehe 20 Desemba 2021, na Rais Biden, alipoingia madarakani Januari 2021, akarudisha ahirisho ili watu waweze kufanya kazi wakati wakiomba.

Mataifa mengine hayajapata mlango wa namna hiyo. Watu wa Honduras na Nicaragua waliopewa hadhi ya muda mwaka 1999, baada ya kimbunga Mitch, wa El Salvador baada ya matetemeko ya ardhi ya mwaka 2001, na wa Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010, wote waliishi katika ulinzi ulioongezwa kwa vipindi. Mwaka 2017 na 2018 serikali ilitangaza kuukomesha, mahakama zikazuia. Mwaka 2025 serikali ilitangaza tena kuukomesha kwa Honduras, Nicaragua na Haiti, na mashauri yakarudi mahakamani. Tofauti kati ya familia ya Mliberia na familia ya Mhondurasi katika mtaa mmoja haiko katika tabia wala katika urefu wa miaka. Iko katika kuwapo au kutokuwapo kwa mlango.

4. Kielelezo cha nyumbani: wakimbizi wa mwaka 1972

Isidhaniwe kwamba tunaihukumu nchi ya mbali kwa jambo tusilolijua. Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yalileta maelfu ya watu Tanzania. Walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, upande wa magharibi. Shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa katika kuyajenga makazi hayo. Watu walifyeka mapori, wakalima, wakajitegemea kwa chakula. Lakini kisheria walibaki wakimbizi, na watoto wao waliozaliwa Tanzania walibaki wakimbizi, na wajukuu pia.

Baada ya miaka thelathini na mitano serikali ya Tanzania ilifanya jambo lisilo la kawaida duniani: iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia. Wengi sana walichagua uraia, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu 162,156 wamekubaliwa. Jambo hilo ni heshima kubwa kwa taifa letu. Hata hivyo hati za uraia hazikutolewa papo hapo. Mpango wa awali uliwataka raia hao wapya waondoke katika makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Kwa miaka minne wakawa watu waliokwisha kuacha uraia wa kwanza na wasioshika hati ya wa pili. Baadaye sharti la kuhama liliondolewa, na ugawaji wa hati ukaanza Oktoba 2014.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja tunajifunza mambo mawili. La kwanza, katika nchi zote mbili ufumbuzi ulipatikana pale serikali ilipokubali kwamba miaka ya kuishi ina uzito wa haki. La pili, katika nchi zote mbili uamuzi mwema ulikaribia kuwapotea walengwa kwa sababu ya mambo ya utekelezaji: tarehe ya mwisho kule, hati zilizocheleweshwa huku.

5. Neno la Mungu juu ya mgeni mkaazi

Agano la Kale lina maneno zaidi ya moja kwa ajili ya mgeni. Nokri ni mtu wa taifa jingine apitaye au afanyaye biashara. Ger ni yule aliyeacha kwao na kufanya makao kati ya watu wasio wake, asiye na shamba la urithi wala ukoo wa kumtetea. Ni huyu wa pili ambaye torati inamtaja pamoja na yatima na mjane, na ambaye Mambo ya Walawi 19:33-34 yaagiza atendewe kama mwenyeji na kupendwa, kwa kuwa Israeli nao walikuwa wageni Misri.

Lakini fungu linalohusu hoja yetu kwa karibu zaidi ni Ezekieli 47:21-23. Nabii mwenyewe yuko uhamishoni; maono haya, kwa mujibu wa 40:1, aliyapata katika mwaka wa ishirini na tano wa uhamisho. Anaonyeshwa jinsi nchi itakavyogawanywa upya kwa kura kati ya makabila. Hapo Bwana anaagiza kwamba wageni wanaokaa kati ya Israeli, na ambao wamezaa watoto kati yao, wapewe urithi wa ardhi, kila mmoja katika kabila anamokaa.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, ardhi ndiyo iliyokuwa haki ya kudumu kuliko zote katika Israeli. Torati ilikuwa imempa mgeni masazo ya mavuno, bali Ezekieli anampa shamba lenyewe. Huko ni kutoka katika huruma ya msimu kwenda katika haki ya kudumu. Pili, alama inayotajwa ni watoto. Mgeni amezaa kati yao. Maisha yake yamefungamana na maisha yao kwa namna isiyoweza kufunguliwa bila kurarua. Tatu, urithi unatolewa mahali anapokaa, si mahali pengine palipobaki. Kama fungu hilo lingalisomwa mapema zaidi juu ya Katumba na Mishamo, huenda ile miaka minne isingalikuwapo.

Agano Jipya halipunguzi jambo hili. Waefeso 2:19 yasema habari za watu waliokuwa wageni na wapitaji, ambao sasa wamekuwa wenyeji pamoja na watakatifu. Ni kweli kwamba mtume anazungumzia nyumba ya Mungu, wala si hati za serikali. Lakini kanisa linaloishi kwa kupokelewa namna hiyo haliwezi kuliona suala la mwenyeji na mgeni kuwa ni la watu wengine.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni hili: muda ni muda. Serikali iliahidi hifadhi ya kitambo, na mamlaka yametoka kwa Mungu (Warumi 13); kanisa lisiingilie. Tunajibu kwa mafundisho yetu wenyewe. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, lakiri kwamba serikali na sheria zake ni kazi njema ya Mungu. Kwa sababu hiyohiyo Mkristo anaweza kuomba sheria ibadilishwe kwa njia halali, na ndivyo walivyofanya Waliberia kwa miaka ishirini. Katika maandiko yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, Luther alifundisha pia kwamba mtawala asiifuate sheria iliyoandikwa kwa upofu, bali aipime kwa akili na upendo. Na katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anahesabu nyumba, mwenzi, watoto na serikali njema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Amwombeaye jirani mkate anamwombea na hayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mlango ukifunguliwa kwa waliopewa hifadhi ya muda, je, serikali hazitaogopa kutoa hifadhi siku nyingine vita vitakapotokea? Hatuwezi kulidharau swali hili; kiongozi anayejua kwamba kila mgeni wa mwaka mmoja atakuwa mkaazi wa daima anaweza kufunga mpaka. Jibu letu ni kwamba mlango tunaousema haufunguki siku ya kwanza. Hali ya nchi ikitengemaa baada ya miaka miwili, na watu wakarudi kwa heshima, hifadhi imetimiza kazi yake. Lakini serikali iliyoiongeza mara ishirini haiwezi kudai kwamba bado ni ya kitambo. Sheria yenye kikomo cha wazi, kwa mfano idadi maalumu ya miaka, ingeilinda familia na pia ingeilazimisha serikali kuamua mapema.

7. Wajibu wa mchungaji

Huenda mwanafunzi wa theolojia akauliza: mimi si mwanasheria wala mbunge, nitafanya nini? Tunataja mambo manne.

La kwanza ni daftari la usharika. Katika maombi kama yale ya Waliberia, ushahidi wa kukaa mfululizo ndio kiini. Na kumbukumbu za ubatizo, kipaimara, ndoa na ushirika wa kanisa zinaweza kuwa sehemu ya ushahidi huo. Mchungaji anayeandika tarehe kwa usahihi na kulitunza daftari mahali pakavu anaweza, pasipo kujua, kuwa anaihifadhi nyumba ya mtu. Lakini na asiandike barua ya uongo kwa huruma. Amri ya nane inakataza, na cheti kimoja cha uongo kikigunduliwa huwaharibia wenye vyeti vya kweli.

La pili ni kutangaza. Mlango wenye tarehe ya mwisho huwapita kwanza maskini, wazee na wasiosoma. Tangazo lisomwe ibadani zaidi ya mara moja, kwa lugha ya watu, na watu waelekezwe kwa wanasheria wanaotambuliwa; kwa maana penye hofu ya hati hapakosi matapeli.

La tatu ni kuitunza familia wakati wa kungoja. Wazazi wasaidiwe kuweka kwa maandishi ni nani atakayewalea watoto ikiwa watatenganishwa, na watoto waambiwe ukweli kwa kiasi wanachoweza kubeba. Hofu isiyotajwa hukaa nyumbani kama ugonjwa. Maombezi ya Jumapili yawataje watu hawa, si kwa majina yao bali kwa hali yao.

La nne ni kusema na wenye mamlaka. Walutheri wa Marekani wamefanya hivyo kwa vyombo vyao. Shirika lao la kuhudumia wahamiaji na wakimbizi, lililoanza mwaka 1939, linaitwa Global Refuge tangu mwaka 2024, na Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Amerika ulijitangaza mwaka 2019 kuwa kanisa la kimbilio. Sisi nasi tuna sauti, na tuna ushuhuda wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wa kuutoa mbele ya makanisa rafiki.

Hitimisho

Tumeona kwamba hadhi ya muda ni huruma ya kweli, na kwamba ikirefushwa bila mwisho huwaweka watu kati ya nchi mbili. Tumeona pia kwamba nchi mbili zilizo tofauti sana, Marekani mwaka 2019 na Tanzania kuanzia mwaka 2010, zilifungua mlango kwa kuihesabu miaka, na kwamba milango hiyo ilihitaji watu wa kuishika isifungwe mapema.

Ezekieli alionyeshwa ugawaji wa nchi wakati yeye mwenyewe hakuwa na shamba, katika mwaka wa ishirini na tano wa kukaa ugenini. Hata hivyo alipopokea agizo la Bwana juu ya urithi, mgeni alikuwamo pamoja na watoto wake. Kanisa linalosoma fungu hilo kila linapofika katika mpango wa masomo linajua ni nani wa kumtafuta usharikani Jumapili inayofuata.